Mipaka ya majini kwenye ramani: maswali ambayo watu wa Uganda huuliza mara kwa mara

Haya maswali yanatoka kwa wavuvi, wanafunzi wa jografia, wenye boti za mizigo na vijana wanaochora ramani kwa kompyuta. Nimeyajibu kwa Kiswahili cha kawaida, cha mwaloni, siyo cha mahakamani. Mengine yana majibu marefu kwa sababu yenyewe ni marefu.

Uganda haina bahari, haya mambo ya mipaka ya majini yanatuhusu nini?

Yanatuhusu kuliko watu wengi wanavyodhani. Angalia ramani yetu vizuri, kusini mashariki unakuta mpaka umeingia ziwa Victoria na humo tunakutana na Kenya na Tanzania, magharibi tuna Albert na Edward ambayo tumegawana na Kongo. Yaani bahari hatuna lakini majirani wa majini tunao watatu, na wavuvi wetu wanashikwa na wao wanashikwa kwetu kila mwaka kwa sababu ya mstari ambao hakuna mtu amewahi kuuona kwa macho.

Na kabla hatujaenda mbali shika hili moja: mpaka wa majini ni maneno kwanza, mstari unakuja baadaye. Kuna karatasi mahali, mkataba au amri au katiba, imeandika "kutoka hapa mpaka pale", halafu mtu wa ramani anachukua kalamu anajaribu kuyafuata hayo maneno. Ukiona watu wanagombana kuhusu mstari, waulize karatasi inasemaje. Mara nyingi utakuta hakuna aliyeisoma.

Tuanze na bahari basi. Ile "maili 12" inaanza kuhesabiwa wapi?

Inaanzia kwenye kitu kinaitwa mstari wa msingi, na kwa kawaida huo ni mwisho wa maji yakiwa yamekupwa, siyo yakiwa yamejaa. Mtu aliyefika Mombasa wakati wa bamvua anajua tofauti yake, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na ufuo ulio tambarare unaweza kuongezeka mita mamia kwa muda wa saa chache. Nchi inachagua kupwa kwa sababu inampa nafasi kubwa zaidi, na sheria inaruhusu. Sheria yenyewe ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliosainiwa Montego Bay kule Jamaika Desemba 1982 na ukaanza kufanya kazi Novemba 1994. Unasema mstari wa msingi ni ule wa maji kupwa kama ulivyochorwa kwenye ramani rasmi za baharini za nchi yenyewe. Umeona? Hata hapo ni ramani ya nani inakubalika, siyo mchanga wenyewe.

Pwani ikiwa imekatikakatika sana au imejaa visiwa vidogo, nchi inaruhusiwa kuruka na kuunganisha ncha kwa ncha kwa mistari iliyonyooka. Norway ndio waliofungua mlango huo, walishtakiwa na Uingereza na wakashinda mwaka 1951. Ghuba pia inaweza kufungwa mdomo kama upana wa mdomo hauzidi maili 24.

Na hizi siyo maili za barabarani. Maili ya baharini ni mita 1,852, ambayo ni karibu sawa na dakika moja ya latitudo, ndio maana mabaharia wanaipenda, unapima moja kwa moja pembeni ya ramani. Kwa hiyo maili 12 ni kama kilomita 22.

Baada ya hizo 12 kuna nini? Maji ya kimataifa?

Hapana, siyo moja kwa moja. Ndani ya 12 ni maji ya nchi kabisa, ingawa meli ya kigeni inaruhusiwa kupita kwa amani bila kusimamasimama. Mpaka 24 nchi inaweza kufukuzia mambo ya forodha, uhamiaji na magonjwa. Mpaka 200, kilomita 370 hivi, ni ukanda wa kiuchumi: samaki na mafuta ni vyako lakini maji siyo "nchi" yako, meli za watu zinapita zinavyotaka. Sakafu ya bahari inaweza kwenda mbali zaidi hata ya hapo kama nchi itathibitisha kisayansi kwamba ardhi yake inaendelea chini ya maji.

Hapa ndipo ramani nyingi za mitandaoni zinapowachanganya watu. Ramani moja inaonyesha Kenya ina kipande kidogo tu baharini, nyingine inaonyesha kipande kikubwa mno, na watu wanaanza kusema Kenya imeongezewa. Hamna, moja imechora 12 na nyingine imechora 200. OpenStreetMap kwa mfano, mpaka wa nchi upande wa bahari unachorwa kwenye 12.

Mbona mpaka wa baharini una mapindapinda kama magamba ya samaki?

Kwa sababu unachorwa kwa bikari, au tuseme kompyuta inafanya kazi ya bikari. Unachukua kila ncha ya mstari wa msingi, unazungusha duara la maili 12, halafu unafuata ukingo wa nje wa hayo maduara yote. Rasi iliyojitokeza inatawala kipande kirefu cha mpaka, na ghuba iliyo ndani haina sauti kabisa. Kisiwa kidogo kinachokaliwa na watu kinapata duara lake kamili, ila mwamba ambao binadamu hawezi kuishi wala kujitegemea kiuchumi hapo unapata 12 tu, haupati ule ukanda wa 200. Ndio maana nchi zingine zinatamani sana kumwaga simenti kwenye miamba.

Na nchi mbili zikiwa jirani baharini, nani anapata nini?

Kawaida unaanza na mstari wa kati, yaani mstari ambao kila nukta yake iko umbali sawa kutoka pwani zote mbili, halafu unaangalia kama kuna sababu ya kuusogeza. Wakikubaliana vingine ni sawa pia. Kenya na Tanzania walikubaliana mwaka 1976 wakatumia, kwa sehemu kubwa, mstari unaokwenda mashariki sambamba na latitudo, na 2009 wakauongeza.

Kenya ikataka mtindo huohuo wa latitudo upande wa Somalia, ikisema tumeutumia miaka mingi na Somalia mlinyamaza. Somalia ikaenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2014, na tarehe 12 Oktoba 2021 mahakama ikasema hapana, hakuna ushahidi kwamba Somalia ilikubali, ikachora mstari wa kati na kuusogeza kidogo kuipunguzia Kenya maumivu. Kenya ilikuwa imeshajitoa kwenye kesi na ikakataa hukumu. Sasa wewe mchora ramani utafanyaje? Wengine wanachora mstari wa mahakama, wengine wanaweka vistari vya mkato kuonyesha ugomvi. Mimi naona wa mahakama uchorwe na maelezo yawekwe pembeni, kuliko kujifanya hakuna kilichotokea.

Ziwa Victoria nalo lina maili 12 za kila nchi?

Halina, na hili swali naulizwa kuliko yote. Ule mkataba wa bahari unahusu bahari. Ziwa lililogawanywa linahesabiwa kama nchi kavu yenye maji juu yake, linakatwa lote mpaka mwisho, hakuna kipande cha katikati kisicho na mwenyewe. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "tulikuwa maji ya kimataifa, katikati ya ziwa", hayo maji hayapo, kila tone lina nchi yake. Tanzania ina karibu nusu, Uganda inafuata kwa karibu na asilimia zaidi ya 40, Kenya ina kama 6 tu.

Wenye maziwa wanaweza kukubaliana kwa mtindo wa bahari wakitaka. Nchi tano za Kaspi zilifanya hivyo 2018, wakajipa maili 15 kila mmoja na 10 zingine za uvuvi. Huku kwetu haikuwa hivyo, sisi tulikatiwa.

Nani alitukatia upande wa Tanzania, na mstari unapita wapi?

Uingereza na Ujerumani, mwaka 1890, katika ule mkataba wa Heligoland na Zanzibar. Walisema mstari upite ziwani kwenye latitudo ya digrii 1 kusini, basi. Hakuna kisiwa wala mwamba uliotajwa kuonyesha mahali, ni namba tu kwenye karatasi iliyosainiwa Berlin. Kutoka Entebbe ambayo iko karibu kabisa na ikweta, ukishuka kusini moja kwa moja una zaidi ya kilomita 110 mpaka uufikie.

Mstari huohuo ukitoka majini unaendelea nchi kavu kwenda Mutukula, na ndio sababu kuna ardhi ya Tanzania kaskazini ya mto Kagera. Amin alisema mpaka wa haki ni mto, 1978 akatuma jeshi, na mwisho wake wazee wote wanaujua.

Na upande wa Kenya?

Huo una maneno mazuri zaidi. Uliandikwa kwa amri ya Uingereza ya mwaka 1926, na maelezo yake yamo kwenye Katiba yetu ya 1995, Jedwali la Pili. Nenda kasome mwenyewe, ni kama mtu anakuelekeza njia: unaanza kwenye latitudo digrii 1 kusini, chini ya ncha ya magharibi ya kisiwa Pyramid, unapanda moja kwa moja mpaka hiyo ncha, kisha mstari ulionyooka mpaka ncha ya magharibi ya Ilemba, kisha Kiringiti, kisha Mageta, halafu unakwenda kaskazini magharibi mpaka ncha ya kusini ya kisiwa Sumba, unafuata ufuo wake wa magharibi mpaka juu, na kutoka hapo unaingia katikati ya mdomo wa mto Sio.

Basi kile kisiwa cha Migingo tunachogombania na Kenya ni cha nani?

Nilijua itakuja. Migingo haijatajwa kwenye hayo maelezo hata mara moja, na ndio raha yake: huhitaji itajwe. Kazi yako ni kuunganisha ncha ya magharibi ya Pyramid na ncha ya magharibi ya Ilemba, halafu uangalie Migingo imeangukia upande gani. Imeangukia mashariki, upande wa Kenya, kama mita 510 kutoka kwenye mstari.

Sasa kumbuka ukubwa wa kitu tunachoongelea. Ni mwamba wa kama nusu ekari, mabati yamebanana mpaka hujui nyumba inaishia wapi, na boti zimefungwa kuzunguka pande zote. Watu hawagombanii mawe, wanagombania mputa, ambaye Wakenya wanamwita mbuta na Watanzania sangara, na maji yenye kina yenye mputa yako kwa wingi magharibi ya mstari, yaani kwetu. Hata Rais Museveni mwaka 2009 alisema hadharani kisiwa ni cha Kenya ila maji ni ya Uganda, na kwa ramani hayo maneno yana akili ingawa kwa mvuvi anayelala kisiwani na kuvua mita mia sita mbele ya mlango wake hayamsaidii sana. Analala Kenya, anafanya kazi Uganda, na hakuna ofisi ya uhamiaji katikati.

Ndio, wapo watakaonikasirikia kwa jibu hili. Nawaambia kasome Jedwali la Pili.

Simu yangu ilionyesha niko Uganda, lakini nilishikwa nikaambiwa niko Tanzania. Nani mwongo?

Inawezekana hakuna mwongo. GPS ya simu inakosea mita chache tu, shida iko kwenye mstari uliowekwa ndani ya simu. Kwanza, mistari ya mipaka kwenye programu nyingi ilichorwa kwa ramani ya ukubwa wa dunia nzima, na huko unene wa kalamu peke yake ni kilomita. Hakuna aliyeichora akifikiria wewe na nyavu zako usiku.

Pili, na hili wengi hawalijui hata waliosoma: namba za latitudo zinategemea mfumo, yaani vipimo vya umbo la dunia ambavyo ramani imejengwa juu yake. Ramani zetu za zamani za Afrika Mashariki, zile za 1:50,000, zimetumia mfumo wa Arc 1960. GPS inatumia WGS 84. Sehemu ileile moja, ukiipima kwa mifumo hii miwili inapata namba tofauti, na huku kwetu tofauti inafika kama mita 300, sehemu kubwa upande wa kaskazini na kusini. Sasa mpaka wa Tanzania ni namba tupu, "digrii 1 kusini". Digrii 1 ya ramani ya zamani iko kama mita 300 kusini ya digrii 1 ya simu yako. Katikati ya hiyo mistari miwili unaweza kupanga mitumbwi mingi sana, na mkataba wa 1890 hausemi lolote kuhusu mfumo maana hiyo mifumo yote miwili ilikuwa bado haijazaliwa.

Upande wa Kenya tatizo hili linapungua kwa sababu mstari umeshikiliwa na visiwa. Visiwa unavipima upya na GPS leo, ukishapata ncha zake mstari unajileta wenyewe. Ndio maana nasema yale maneno ya 1926 ni mazuri.

Maji yakipanda, mpaka unahama?

Mpaka wa Tanzania hauhami, namba haijali maji. Upande wa Kenya kuna utamu kidogo: "ncha ya magharibi ya kisiwa" iko wapi, ziwa likiwa limejaa au likiwa limepungua? Mei 2020 ziwa lilipanda likapita hata rekodi ya 1964, mialo ikazama, watu wa Ggaba na Entebbe wanakumbuka. Kwenye kisiwa chenye jabali lililosimama wima haibadilishi kitu, kwenye kisiwa cha mchanga ulalo inaweza kubadilisha makumi ya mita. Baharini walishalijibu kwa kusema "maji kupwa", kwenye ziwa letu waandishi wa 1926 hawakufikiria.

Albert na Edward je?

Kwenye Albert mstari unapita katikati ya ziwa kwa sehemu kubwa, kwenye Edward unakata ziwa kwa mstari ulionyooka, na msingi wake ni makubaliano ya Uingereza na Ubelgiji ya 1915. Kilichochafua hewa ni mafuta. Yalipotangazwa 2006, kila jabali la ziwa Albert likapata bei, na 2007 pakawa na risasi ziwani na ugomvi wa kisiwa cha Rukwanzi kule kusini ya ziwa. Septemba mwaka huohuo Museveni na Kabila wa Kongo wakasaini makubaliano ya Ngurdoto karibu na Arusha, pamoja na mambo mengine kuhusu kuweka mpaka wazi. Uwanja wa mafuta wa Kingfisher wenyewe sehemu yake iko chini ya maji.

Tatizo gumu zaidi huko ni mto Semliki. Mpaka ukifuata mto, na mto unakula kingo na kuhama, watu wa Ntoroko wanaamka shamba liko ng'ambo. Anayechora ramani huko asikopi mto wa picha ya satelaiti ya mwaka huu akauita mpaka. Mto wa leo na mpaka ni vitu viwili.

Nataka kuchora mpaka wa ziwani vizuri kwenye ramani ya wilaya, nifuate nini?

Anza na maneno ya Jedwali la Pili, siyo na faili uliyoshusha mtandaoni. Tafuta picha ya satelaiti inayoonyesha visiwa, weka nukta kwenye ncha zilizotajwa, unganisha. Andika mfumo uliotumia pembeni ya ramani, tafadhali, ramani bila jina la mfumo ni hatari kuliko kutokuwa na ramani. Mstari wa majini uwe wa mkato na mwembamba, usiufanye mnene kama wa nchi kavu, ili msomaji ajue huko hakuna nguzo wala uzio. Sehemu yenye ugomvi ipe alama tofauti. Na usichore mpaka ukifuata ufuo wa ziwa eti kwa sababu ramani inapendeza, nimeona ramani za shule ambazo Uganda inaishia Entebbe, karibu nusu ya ziwa imetupwa!

Uganda inaweza kuwa na meli baharini?

Inaweza. Mkataba wa bahari unaipa kila nchi, hata isiyo na pwani, haki ya kupeperusha bendera yake baharini, na unatupa haki ya kufika baharini kupitia nchi za jirani kwa makubaliano nao. Uganda iliuridhia 1990. Kuna hata kifungu cha sisi kupewa nafasi kwenye samaki wa ziada katika ukanda wa kiuchumi wa majirani, lakini hiyo ziada anayeihesabu ni mwenye pwani, kwa hiyo usinunue nyavu bado.

Mwisho, mvuvi wa kawaida afanye nini asishikwe?

Jipe nafasi. Upande wa Tanzania kaa angalau kilomita moja kaskazini ya mstari wa simu yako, kwa sababu askari wa boti anatumia kifaa chake na siyo chako, na ubishi wa mifumo ya ramani haubishaniwi usiku na mtu mwenye bunduki. Kumbuka nyavu zinaelea, wewe unaweza kuwa Uganda na nyavu zimeshavuka. Washa simu irekodi njia yako tangu unatoka mwaloni, ukishikwa hiyo ndiyo kitu pekee utakayoonyesha. Leseni na namba ya boti ziwe kavu ndani ya kaveya. Na ukishikwa usizime injini ukaanza kukimbia na kasia, watu wamekufa hivyo, tulia, omba wasome namba za mahali mlipo kwa sauti, na wewe uziandike hapohapo pamoja na saa, kisha mjulishe kiongozi wa mwalo wako kabla chaji haijaisha.